Kurasa Tisa za Kikao cha Ijumaa

Sura ya Tano

Jalada lilikuwepo. Kurasa ndizo hazikuwemo.

Bi Maswali alilifungua, akaligeuza juu chini, akalinusa. Mkurugenzi wa halmashauri, aliyekuwa amesimama mlangoni kajishika kiuno, akauliza kama kunusa nako ni upelelezi.

"Mara nyingine," alisema Bi Maswali. "Hili linanuka gundi tu. Kaa, mkurugenzi, unanizibia mwanga."

Jina lake la cheti lilikuwa jingine, lakini kituo kizima cha polisi kilimwita hivyo na mwenyewe alishazoea. Alitembea na daftari moja la kurasa pana. Upande wa kushoto aliandika maswali, upande wa kulia majibu, na hakuwahi kufunga kesi huku swali la kushoto limekaa kapera. Asubuhi hiyo ya Jumanne, saa tatu na dakika kumi, upande wa kulia ulikuwa mweupe pe.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Ijumaa iliyopita, baraza la madiwani lilikaa na kupitisha, kwa kauli moja, ombi la daraja la mto unaozitenganisha kata mbili. Jumatatu asubuhi likakaa tena nusu saa, muhtasari ukasomwa na kuthibitishwa, mwenyekiti akatia sahihi kila ukurasa, muhuri ukagongwa. Jumatatu hiyohiyo jioni kurasa zote tisa zilikuwa zimeyeyuka. Na kesho, Jumatano saa sita mchana, mbunge alitakiwa kuziweka mezani kwa kamati ya Bunge. Zisipofika, daraja lingesubiri mwaka mwingine.

Daraja ndilo lililokuwa vinywani mwa watu. Lakini lililokuwa likiteketea siku hiyo lilikuwa jina la mtu mmoja. Karani wa vikao, mama wa watu aliyeandika mihutasari ya baraza kwa miaka thelathini na moja, akabakiza wiki sita astaafu, alikuwa amesimamishwa kazi tangu jana jioni. Saa nane mchana baraza lingekaa kwa dharura kumjadili. Ajenda moja tu, yeye.

"Si mchapishe nyingine?" aliuliza Bi Maswali. "Kompyuta mnayo."

"Kuchapisha ni dakika tano," alisema mkurugenzi. "Lakini muhtasari huthibitishwa mbele ya baraza, na sahihi hutiwa palepale. Nakala mpya inataka kikao kipya, na kikao kipya kinataka taarifa ya siku saba."

"Na hiki cha saa nane?"

"Cha dharura hakiruhusiwi kugusa jambo jingine zaidi ya lililokiitisha."

Bi Maswali akatikisa kichwa. Watu walioweza kumfukuza mama wa miaka hamsini na tisa kwa saa ishirini na nne walihitaji siku saba kupiga sahihi. Akaandika hilo pia, ingawa halikuwa swali.

Kisha akalitazama jalada kwa mara ya pili. Lilikuwa la karatasi ngumu, lenye utepe wa kitambaa wa kufungia. Mkurugenzi aliapa kwamba halijaguswa tangu lilipogundulika kuwa tupu, ila yeye mwenyewe aliyelegeza utepe kidogo na kuchungulia. Fundo bado lilikuwepo, maana naye aliuvuta utepe pembeni bila kulifungua; la kitanzi, limekazwa mara mbili.

"Asitoke mtu kwenye jengo hili mpaka nizungumze naye," alisema. "Hata mwenyekiti."

* * *

Mama Muhtasari, kama walivyomwita wote, alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni ndani ya ofisi yake mwenyewe. Kile cha kwake kilikuwa wazi, na koti lake la sufu bado limetundikwa mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe, siwezi kukukaribisha chai. Mimi mwenyewe mgeni hapa sasa."

"Chai itakuja. Nieleze jana, toka kikao kilipoisha."

Alieleza kama anayesoma. Saa nne kasorobo kikao kiliisha. Akazigonga kurasa muhuri, akazihesabu, tisa, akazitia jaladani na kufunga utepe. Akaandika barua ya kuzisindikiza. Bahasha kubwa zilikuwa zimemwishia, akashuka stoo kuchukua moja. Dakika kumi, pengine kumi na mbili. Aliporudi jalada lilikuwa mezani pale pale.

"Ukalifungua?"

Mama akaangalia mikono yake. "Sikulifungua. Miaka thelathini na moja sijaweka jalada kabatini bila kuhesabu kurasa. Jana simu ya mkurugenzi iliita, nikalisukuma kabatini, nikafunga na ufunguo, nikaenda. Jioni naja kulitoa niwahishe barua, nalinyanyua ni jepesi, ganda tupu."

"Nani alikuwa ghorofa hii wakati uko stoo?"

"Mwenyekiti alikuwa bado hajashuka. Katibu wa mbunge alikuja, nilipishana naye kwenye ngazi, kashika bahasha ya kaki. Na Mzee Birika, wa chai. Huyo yuko kila mahali."

Bi Maswali akaandika majina matatu upande wa kushoto. "Fundo lako huwa unalifungaje?"

Mama akauchukua utepe wa jalada jingine, akaupitisha nyuma na kuufunga fundo dogo gumu, lisilo na kitanzi. "Hivi. Kitanzi hunasa kwenye droo."

"Sasa niambie kilichokuwa kwenye kurasa tisa."

"Chote?"

"Si unakikumbuka?"

Alikumbuka. Ufunguzi, mahudhurio, taarifa ya mhandisi, hoja, mjadala. Alipofika ukurasa wa nane alipunguza sauti. "Mwenyekiti alisema: Mimi na mbunge tumegombana miaka mitatu kwa ajili ya kibao cha kisima, kiandikwe jina la nani. Muda wote huo yeye amelipigania daraja hili, na sisi hatukumpa hata asante. Nilimkosea. Namshukuru mbele yenu wote."

"Refa alisema hivyo?" Mwenyekiti alikuwa mwamuzi wa mpira kabla ya siasa, na jina lilimganda.

"Alisema, na machozi yalimlengalenga. Watu wakapiga makofi. Nikamuuliza, kama ninavyomuuliza kila mtu akisema neno zito: mheshimiwa, niandike? Akasema, andika."

"Kwa nini huwa unauliza?"

"Kwa sababu nikishaandika, sifuti. Ni haki mtu aonywe mapema."

* * *

Refa alimpokea ofisini kwake akiwa wima. Alikuwa mtu mrefu, mgongo umenyooka, viatu vyeusi vya kamba vinang'aa. Kibao cha mlangoni kilikuwa na jina lake kwa herufi ambazo hata kipofu angezigusa akazisoma.

"Afande, kesi hii nyepesi. Mwenye ufunguo ni mmoja."

"Na mwenye sababu?"

"Huyohuyo. Tangu niingie kwenye kiti hiki, jambo tukilisema hapa ndani, wiki mbili baadaye mbunge analisema bungeni. Mifereji ya soko, dawa za zahanati, barabara ya shule. Maneno yetu, nukta kwa nukta. Jana nimeona kwa macho yangu barua mezani kwake, imeandikwa kwa mheshimiwa mbunge. Mama yule ni bomba linalovuja."

"Uliiona barua. Jalada je?"

Mkono wa Refa ukapanda kifuani, upande wa kushoto, ukapapasa, ukashuka. "Jalada sikuliangalia."

"Ulikuwa ofisini kwake peke yako?"

"Nilipita tu. Wazee wa kata ya mtoni walikuwa wananingoja chini."

"Walitaka nini?"

"Kunishukuru," alisema Refa, na kwa mtu aliyekuwa akitaja shukrani, uso wake ulikuwa umekunjamana mno.

Mkono ukapanda tena, ukapapasa, ukashuka. Bi Maswali akaandika kushoto: anatafuta nini kifuani? Akainama kuokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka, akaviangalia viatu. Kitanzi, kimekazwa mara mbili. Lakini kitanzi si ushahidi, nusu ya mji hufunga viatu hivyo. Na aliyebeba bahasha ya kaki alikuwa mwingine.

* * *

Ofisi ya mbunge ilikuwa ng'ambo ya barabara, hatua arobaini ukihesabu na mtaro. Katibu wake, mtu wa makamo mwenye miwani, alivaa makubadhi ya ngozi. Bi Maswali aliyaona kabla hajasalimia, akahisi mkeka unavutwa chini ya miguu yake. Makubadhi hayana kamba.

"Jana ulitoka halmashauri na bahasha ya kaki."

"Niliingia nayo, nikatoka mikono mitupu. Muulize mlinzi wa geti."

"Ilikuwa na nini?"

"Hansadi. Kile kitabu kinamoandikwa kila neno linalosemwa bungeni. Nilimpelekea mama ukurasa wenye jibu la waziri kuhusu mifereji. Humpelekea kila mara."

"Kwa siri?"

"Kwa daftari." Akavuta droo. Ilijaa mihutasari ya baraza ya miaka mitatu, kila mmoja na barua yake ya kusindikiza, kila barua na namba yake ya kumbukumbu, sahihi ya karani, muhuri wa halmashauri. Bomba linalovuja, na kila tone limegongwa muhuri.

Bi Maswali alisoma barua tatu. Zote zilianza sawa: Kwa mujibu wa Kanuni ya Kumi na Nne, kila mjumbe wa baraza atapelekewa muhtasari.

"Mbunge ni mjumbe wa baraza?"

"Tangu halmashauri izaliwe. Sema baada ya ule ugomvi wa kibao, madiwani wenyewe walisahau. Au walitaka kusahau. Mheshimiwa naye akanuna, akaacha kuhudhuria. Mjumbe akikosa vikao vitatu bila udhuru anapoteza kiti. Yeye kakosa kumi na moja."

"Na kiti bado anacho?"

Katibu akamwonyesha kwa kidole. Kwenye kila muhtasari, chini ya wasiohudhuria: Mheshimiwa Mbunge, kwa udhuru, yuko kwenye vikao vya Bunge. "Mama alikuwa anapiga simu kwetu kila mara kuuliza ratiba, na kweli zikigongana anaandika. Zisipogongana, anamwomba mkurugenzi asogeze siku. Ninavyokwambia, afande, bila yule mama mheshimiwa angekuwa anasimama bungeni kuzungumza na hewa. Na madiwani wangekuwa wanapitisha maazimio yanayoishia kabatini. Hata kadi ya sikukuu hatujawahi kumpelekea. Leo asubuhi mheshimiwa alinipigia simu akaniuliza tumewahi kumlipa nini huyu mama."

"Angefaidika nani kurasa zikipotea?"

Katibu akavua miwani. "Nimelala na swali hilo. Daraja wanalitaka wote. Sisi tunalitaka, wao wanalitaka. Sioni adui wa daraja."

Bi Maswali aliandika jibu hilo upande wa kulia. Adui wa daraja hakuwepo, hilo lilikuwa kweli. Basi aliyezichukua hakuwa na ugomvi na daraja. Alikuwa na ugomvi na neno fulani lililoandikwa karibu nalo.

* * *

Bi Maswali alimkuta Mzee Birika jikoni mwa ofisi, akisuuza vikombe. Alikuwa amekonda kama mwiko na anajua mambo ya jengo lile kuliko ramani yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chai yako bila sukari, nimeshaambiwa."

"Nani kakuambia?"

"Kwani mimi ni wa kuulizwa tu, siulizi?" Akacheka peke yake. Kisha akaacha. "Afande, mama yule mnamuonea. Mke wangu alipolazwa, huyu alinikalia zamu ya chai wiki mbili. Karani mzima, anabeba sinia. Siwezi kumlipa."

"Nilipe mimi kwa niaba yake. Jana asubuhi uliona nini?"

"Sikuona kitu. Nilikuwa nakusanya majoho. Muhtasari ukishathibitishwa, majoho ya madiwani yote kumi na saba yanakwenda kwa dobi, yanarudi Alhamisi. La mwenyekiti nilichelewa kulipata, yeye hulivua mwisho. Angeweza angelala nalo. Jana alilivua mbio mbio, wazee wanamwita chini, akalitupa kwenye kiti. Nikalichukua."

"Halafu?"

"Halafu tangu jana mchana hanipi pumzi. Joho langu liko wapi. Dobi kahamia wapi. Nipe namba yake. Nikamwambia dobi hana simu, na Alhamisi ni Alhamisi. Leo asubuhi kaja tena mara tatu."

"Labda analitaka kwa kikao cha saa nane."

Mzee Birika akamwangalia kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza chumvi inauzwa wapi. "Kikao cha dharura hakivaliwi majoho. Huo ni utaratibu toka enzi za babu yako. Hata yeye anaujua."

Bi Maswali akakiweka kikombe chini. "Joho la mwenyekiti lina mfuko?"

"La kwake tu. Alimwomba fundi amshonee, kwa ndani, upande wa moyo. Anawekea kipenga chake cha urefa. Anasema bila kipenga hawezi kuongoza kikao."

Saa ya ukutani ilisema saa sita na robo. Bi Maswali alikuwa ameshafika mlangoni.

"Dobi kahamia wapi, mzee?"

* * *

Dobi alikuwa amehamia nyuma ya karakana ya baiskeli. Kamba nne za nguo zilikuwa zimejaa majoho mekundu yanayochuruzika maji, na Bi Maswali akasimama kuyatazama yalivyolowa. Akayahesabu. Kumi na saba.

"Yote umeshafua?"

"Toka alfajiri." Dobi alikuwa mtu mnene mwenye vidole vilivyokunjamana kwa maji. "Kuna tatizo?"

"Joho la mwenyekiti lilikuwa na kitu mfukoni."

"Basi uliza kuhusu mfuko, usiulize kuhusu joho." Akamwongoza hadi kwenye rafu iliyopangwa makopo ya maziwa ya unga, kila kopo limebandikwa namba. "Mimi nguo haingii majini kabla sijauliza mfuko umebeba nini. Nimeshawahi kufua cheti cha ndoa cha watu. Toka siku hiyo nikaweka makopo."

Kwenye kopo namba moja, la mwenyekiti, kulikuwa na kipenga cha chuma chenye kamba nyeusi, na karatasi zilizokunjwa mara mbili. Bi Maswali alizikunjua juu ya meza ya pasi na kuzihesabu kwa kidole, moja hadi tisa. Sahihi, muhuri, sahihi, muhuri. Alivuta pumzi ndefu.

"Umezisoma?"

"Nimezisoma. Nisameheni, hazikuwa na bahasha." Dobi akafuta mikono kwenye shati. "Mke wangu alivuka mto ule uchungu umeshamshika, kabebwa mgongoni na shemeji yake, maji yako kifuani. Mtoto yuko darasa la tatu sasa. Nilipofika kwenye yale maneno ya kumshukuru mbunge, nikakaa chini. Mwambie aliyeyatoa kwamba dobi anashukuru."

"Aliyeyasema au aliyeyaandika?"

Dobi alifikiri. "Wote wawili. Maneno mazuri yasipoandikwa huliwa na upepo."

Bi Maswali aliomba bahasha, dobi akampa mfuko wa nguo zilizopigwa pasi. Ulifaa vilevile.

* * *

Saa saba na nusu, Refa alimkuta Bi Maswali katika chumba cha majoho. Vigingi kumi na saba vilikuwa vitupu. Kipenga kilikuwa mezani.

Mkono wa Refa ulipanda kifuani kwa mazoea, ukaishia njiani. Akakaa. Mgongo wake, kwa mara ya kwanza siku hiyo, ulipinda.

"Zimelowa?"

"Ni kavu. Dobi wenu ana akili kuliko sisi wote."

Refa akafunika uso kwa viganja. "Mungu ambariki." Akashusha mikono. "Sikukusudia kuziiba."

"Najua. Ungekusudia usingefunga utepe vizuri hivyo."

"Niliingia nimwombe mama aondoe lile fungu. Sikumkuta. Nikaiona barua, kwamba kwa mbunge zinakwenda kurasa zote, si azimio peke yake, kwamba fungu lile nalo litasomwa bungeni. Nikachukua ili nikamwombe vizuri, faragha. Mara naitwa chini. Niliporudi joho halipo. Jioni mkurugenzi ameshapiga simu polisi, na mimi nimeshasema sijui. Ukisema sijui mara moja, ya pili inakuja yenyewe."

"Daraja unalitaka?"

"Nalitaka kuliko wewe."

"Basi fungu lile lina ubaya gani? Ni shukrani."

"Ni kukiri kosa. Afande, nimechezesha mpira miaka ishirini na mbili. Refa hakubali kosa. Akikubali moja, wachezaji watamdai yote."

"Na umeacha mama alale jana akiwa mwizi."

Bi Maswali akamsomea Kanuni ya Kumi na Nne, aliyoinakili kwenye daftari, na kumweleza droo ya ng'ambo ya barabara. Kila muhtasari, kila barua, kila muhuri. Udhuru kumi na moja. Na majibu ya mawaziri ambayo Refa alikuwa akiyasoma barazani kwa mbwembwe, akidhani yamekuja kwa sababu ya barua zake kali.

"Ile mifereji ya soko?" aliuliza Refa.

"Ile mifereji ya soko."

"Nilijipongeza kwa ile mifereji."

"Nimesikia. Sasa sikiliza, mheshimiwa. Ripoti yangu nitaiandika, na jina lako litakuwemo, hilo sina la kukusaidia. Lakini kabla ya saa nane kuna dakika ishirini na tano. Baraza linaweza kuyasikia haya kwa mdomo wangu, au kwa wako."

Refa alichukua kipenga, akakizungusha vidoleni, akakirudisha mezani. "Kibaki hapo," alisema. "Leo sichezeshi."

* * *

Ukumbini madiwani walikaa bila majoho, wakaonekana wadogo kidogo. Mama Muhtasari aliwekwa kiti cha peke yake, katikati, anapokaa mtuhumiwa. Karani wa muda alikuwa amekosekana, kwa hiyo mkurugenzi mwenyewe alishika kalamu na kuitazama kama anayetazama wembe.

Refa alisimama. Hakugonga nyundo.

"Ajenda ni moja, lakini mtuhumiwa siye huyu," alisema. "Kurasa nilizitoa mimi."

Akayasema yote, kwa mpangilio, bila kujipunja wala kujipendelea. Alivyoingia ofisini, alivyofunga utepe, alivyosema sijui, na sababu yake. Akafungua mfuko wa dobi, akazitoa kurasa tisa, akazihesabu kwa sauti. Kisha akausoma ukurasa wa nane, fungu lake mwenyewe, toka mwanzo hadi *namshukuru mbele yenu wote*, na safari hii alilisoma polepole kuliko alivyolisema Ijumaa.

"Mbunge ni mjumbe wa baraza hili. Kanuni inasema, mimi nilijisahaulisha. Kwa miaka mitatu, mama huyu peke yake ndiye aliyetufanya tuwe baraza lenye mbunge, na yeye awe mbunge mwenye baraza. Nilimwita bomba. Naomba baraza lifute shauri hili."

Mikono ikanyooka, yote kumi na saba. Mkurugenzi akaiweka kalamu chini haraka, akanyanyuka, na kumwonyesha Mama Muhtasari kiti chake cha siku zote, cha pembeni mwa meza kuu. Mama akasogea taratibu, akakaa, akavuta daftari. Aliandika kukiri kwa mwenyekiti, aliandika kura.

"Na mimi," alisema Refa, "namshukuru karani wetu. Sina neno kubwa kuliko hilo. Ahsante, mama."

Kalamu ikasimama.

Bi Maswali, aliyekaa nyuma karibu na mlango, aliona jambo ambalo pengine halikuwahi kuonekana katika ukumbi ule kwa miaka thelathini na moja. Neno lilikuwa limesemwa kikaoni na Mama Muhtasari hakuliandika. Alikuwa ameinamia daftari, tone moja limeangukia pambizoni.

"Mama," aliita diwani mmoja wa kata ya mtoni, mtu mzima mwenye mvi, kwa upole. "Hilo nalo limo kwenye kikao."

Mama akainua macho. Alimwangalia Refa, akawaangalia madiwani mmoja mmoja, kana kwamba anahakiki mahudhurio.

"Waheshimiwa," aliuliza, sauti haikufika mbali, "niandike?"

"Andika," walisema wote.

Akaandika.

* * *

Saa tisa na nusu bahasha ilikuwa tayari. Mzee Birika alinyoosha mkono kuichukua, akaambiwa na Refa kwamba leo tarishi ni mwenyekiti. Mama akamfungulia daftari la kupelekea barua, akamwonyesha penye kusainiwa, na kumkumbusha asirudi bila sahihi ya mpokeaji.

Bi Maswali alikuwa amejaza upande wote wa kulia. Alisimama dirishani pamoja na Mama, wakinywa chai isiyo na sukari. Chini, Refa alikuwa amefika ukingo wa barabara, bahasha kifuani upande wa moyo. Magari yalipita. Kisha hayakupita tena, barabara ikawa nyeupe, naye bado amesimama.

"Nimwite?" aliuliza Bi Maswali. "Au atumwe mtu amzindue?"

"Mwache, mwanangu," alisema Mama Muhtasari. "Miaka mitatu si mchezo."

Ng'ambo, mlango wa ofisi ya mbunge ulifunguliwa. Katibu alitoka na kusimama kizingitini, akaushika mlango usijifunge. Refa akatazama kulia, akatazama kushoto, akavuka.